Pindo la mfarishi: ni nini, na linahitajika lini?

Mfarishi ni tandiko zito la kitandani la vipande vya vitambaa vilivyoungwa, na pindo lake ni mkanda wa kitambaa unaoshonwa kuzunguka vipande hivyo, kabla ya kuweka pamba katikati na kitambaa cha chini. Anayeijua kanga ameshaelewa: mji uko ndani, pindo limeuzunguka pande zote nne. Ila kanga haikosi pindo, na mfarishi usio na pindo ni mfarishi kamili. Lisichanganywe na utepe mwembamba unaofunika kingo mwishoni. Huo hauna mjadala, maana bila utepe matabaka yote matatu yanabaki wazi na nyuzi zinachomoka.

Sababu nyepesi ya kuweka pindo ni ukubwa. Chukua kitanda cha futi tano kwa sita, yaani kama sentimita 152 kwa 183. Umeunga miraba ya sentimita 30, mitano kwa upana na sita kwa urefu, ukapata 150 kwa 180. Hapo umefunika godoro tu, pembeni hakuna kinachoshuka, na usiku wa Juni au Julai hapa Dodoma baridi itakuingia ubavuni. Pindo la sentimita 15 kila upande linakufikisha 180 kwa 210 bila kuunga mraba mwingine hata mmoja. Liweke.

Sababu ya pili ni jicho, na hapo ndipo penye kazi. Vipande vya vitenge vinavyobaki kwa mafundi cherehani vina rangi zinazogombana: chungwa na zambarau, maua makubwa kando ya duara ndogondogo. Pindo la rangi moja iliyokolea, rangi ambayo tayari imo ndani ya vitenge hivyo, linazituliza. Mifarishi ya zamani ya Waamish, Wakristo wanaoishi kwa desturi za kale, wa Lancaster, Pennsylvania, Marekani, inasifika kwa mapindo mapana yasiyo na maua, na utulivu wake unatoka hapo. Lakini kama mistari ya mchoro wako inakimbia hadi ukingoni kana kwamba ingeendelea, pindo litaikata. Na kama miraba ya pembeni umeipanga kwa rangi nzito, hilo tayari ni pindo. La pili ni kupoteza kitambaa.

Njia ninayoiamini ni hii. Tandika kazi yako kitandani, si sakafuni. Kunja kitambaa unachokifikiria, kiingize chini ya ukingo, kibakize nje kwa upana unaoutaka, kisha nenda mlangoni ukaangalie. Jicho likikimbilia pindo kabla ya vipande, ni pana mno au linawaka mno. Nusu ya mraba, au theluthi yake, hukaa vizuri. Zaidi ya mraba mzima sishauri.

Ukishaamua, pima katikati ya kazi, usipime ukingoni. Kingo huvutika, hasa penye vipande vilivyokatwa mshazari. Anayeshona mkanda mrefu akiufuata ukingo, kisha akakata unaobaki, huishia na mawimbi ambayo hata pasi haiyaondoi. Kata mikanda kwa kipimo cha katikati, bana pini kwenye ncha na katikati, halafu gawanya nafasi iliyobaki. Anza na pande mbili za urefu, pima tena, ndipo ufanye juu na chini. Mikanda ikatwe kwa kufuata urefu wa kitenge, ambako kitambaa hakivutiki sana. Kwa mfano wetu mita 2 zinatosha bila kiungo chochote, na upana unaobaki utatoa utepe.

Kuhusu rangi, pindo ndilo linaloshikwa na mikono na kugusa sakafu. Kwa vumbi letu jekundu, jeupe silipendekezi. Nyekundu na buluu nzito ziloweke peke yake kwanza. Maji yakitoka na rangi, rudia mpaka yatoke safi, vinginevyo siku ya kufua zitachafua vipande vyote vya katikati.