Acheni kuwakausha sisimizi wa nchi kame

Wiki hii nimetumiwa picha nyingine ya sisimizi wa kufugwa. Sanduku la kioo, nusu yake mchanga mweupe wa ufukweni, juu yake taa ya kulelea vifaranga inayowaka usiku na mchana, na chini ujumbe: "Mkuu, mbona wanaisha? Nimewawekea mazingira ya jangwani kabisa." Nimeona. Shida iko hapo hapo kwenye "kabisa".

Imani yenyewe mnaijua: sisimizi wa sehemu kavu hataki maji, na kadiri unavyomchoma ndivyo anavyojisikia yuko kwao. Nimeijibu kwa ujumbe wa sauti, nimeijibu kwenye magrupu, leo naiandika ili siku nyingine nitume linki nikalale. (Mchanga wa ufukweni una chumvi. Hilo sitalieleza zaidi.)

Ninaofuga mimi ni Ocymyrmex, wale wenye miguu mirefu wanaokimbia kila mmoja kivyake saa nane mchana, wakati hata mbuzi wamejibanza kivulini. Jenasi hii ina spishi zaidi ya 30, zote za Afrika, kuanzia maeneo makavu ya kusini mwa bara mpaka huku kwetu mashariki. Wangu walitoka kwenye nyika ya upande wa Same, nje ya hifadhi. Kabla hujaniandikia kwamba Same si jangwa: najua. Ardhi tupu ya kule mchana wa Januari haijasoma ramani yako.

Vyanzo vingi vinavyowahusu vinatoka Namib, jangwa la kusini-magharibi mwa Afrika, na namba inayowapoteza watu inatoka huko huko: utafiti wa miaka ya 1980 uliwakuta wakitafuta chakula hadi uso wa mchanga ulipofika nyuzi 67. Mtu akisoma hiyo 67 anafunga kitabu na kwenda kununua taa. Hasomi kwamba sisimizi huyo anakimbia kidogo, anapanda kwenye kijiti au jiwe, anapoa, anashuka, anakimbia tena. Milimita chache tu juu ya ardhi hewa ina nafuu kubwa, ndiyo maana ana miguu mirefu. Wa Sahara nao, Cataglyphis bombycina, hutoka dakika chache tu kwa siku. Vinyweleo vyake vya rangi ya fedha hurudisha mwanga wa jua na kusaidia mwili kutoa joto (hilo lilichapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2015), na mwili wake hutengeneza protini za kujikinga na joto kabla hata hajatoka shimoni. Vifaa vyote hivyo ni vya kukwepa joto. Mwenye koti la mvua humwagii ndoo ya maji ukasema umemfurahisha.

Akimaliza kukimbia anarudi chini, kwenye udongo wenye unyevu ambao joto lake halipandi na kushuka ovyo. Malkia yuko huko, mayai yako huko, na mabuu, ambayo ngozi yake ni laini na hukauka upesi, hayaoni jua mpaka yawe sisimizi kamili. Ulichoiga wewe kwenye sanduku lako ni zile dakika chache za mbio, ukaisahau nyumba.

Halafu anakuja mjuaji wa pili, na huyu ananichosha kuliko wa kwanza kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. "Sawa, wanahitaji unyevu, lakini hapa Dar hewa yenyewe ni maji, itawatosha." Ni kweli unyevu wa hewa yetu mara nyingi unapita asilimia 70, na mwezi Machi ukitoka kuoga hujui kama umejifuta au bado. Lakini sisimizi hanywi hewa. Anataka tone la kulamba, alibebe, akawagawie wa ndani. Pia ile asilimia unayoisoma kwenye simu ni ya nje, haihusu sanduku lenye taa juu yake. Hewa ukiipasha moto bila kuiongezea maji, unyevu wake wa kiasi, yaani ile asilimia, unaporomoka. Chukua hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ipandishe mpaka nyuzi 45: inabaki na kama asilimia 33 tu. Kwa hiyo mtu amekaa Kijitonyama jasho linamtiririka, na mbele ya pua yake mabuu yanakauka.

Usiku mambo yanageuka. Taa ikizimwa na mfuniko ukiwa wa kioo, asubuhi unakuta umande ukutani, mabaki ya chakula yameota ukungu, na ile kinga ya poda na spiriti uliyopaka juu ili wasitoroke imelowa na haizuii chochote. Dawa yake ni mfuniko wa wavu mwembamba, na maji yawe upande wa kiota peke yake. Kazi ya mfugaji wa hapa pwani ni kulinda tofauti: juu pakavu, chini pabichi, na katikati njia ndefu ya kutosha ili wachague wenyewe. Wape nafasi hiyo na watakuonyesha. Mayai na mabuu madogo wanayasogeza penye unyevu, pupa (mabuu yanayogeuka kuwa sisimizi kamili) wanazipeleka pakavu zaidi, na wewe huna haja ya kubishana na mtu.

Kiota changu ni kigae kinene cha udongo wa mfinyanzi, hakijapakwa kitu, kimechongwa vyumba kabla ya kuchomwa. Mwisho mmoja umekaa kwenye trei ya maji na maji yanapanda yenyewe. Jipsamu ya dari inafaa kwa watu wa Dodoma. Huku inaota ukungu haraka. Joto nalipima kwenye uso wa ardhi, sipimi hewa. Usitumie kile kipimajoto cha paji la uso tulichokizoea wakati wa Uviko, hakijatengenezwa kwa joto kubwa hivyo. Tafuta cha jikoni. Taa imulike kona moja, mchana tu, na kuwe na vijiti na kokoto za kupandia. Umeme ukikatika mchana kutwa, usihangaike na jenereta. Watashinda ndani.

Chakula ni wadudu waliokufa na maji ya sukari kidogo. Mende wa jikoni kwako usiwape, huenda amepuliziwa dawa. Dawa ya mbu usipulize kwenye chumba hicho kabisa. Miguu ya meza itumbukize kwenye makopo ya maji kama kabati la chakula la bibi, la sivyo wale sisimizi wadogo wenye askari wa vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, watakuja usiku na hakuna utakayemkuta.

Sasa hili la malkia, ambalo linaharibu ushahidi wa kila mtu. Malkia wa Ocymyrmex hana mabawa na anafanana mno na vibarua wake. Watu wanachimba shimo, wanabeba vibarua mia mbili, malkia kabaki chini. Vibarua bila malkia huishi kwa muda, kisha wanapungua mmoja mmoja, na mwenye nao anaandika kwamba "unyevu umewaua". Hukuwa na koloni, ndugu yangu. Ulikuwa na wazee wanaosubiri siku zao.

Na mimi nisijifanye nina jibu safi. Kigae changu kikiwa na maji kinakuwa pia cha baridi kuliko chumba, kwa hiyo mabuu yanapostawi siwezi kuapa kama ni unyevu au ni ubaridi uliofanya kazi. Nimejaribu kuvitenganisha kwa kuweka chupa ya maji baridi pembeni ya upande mkavu, na matokeo yalibadilika-badilika kiasi cha kunitia aibu. Nashuku pia kwamba beseni langu, lile wanalotoka kigaeni kwenda kukimbilia, hata liwe refu vipi, ni dogo kwa mdudu aliyeumbwa kukimbia. Wakizunguka ukutani mchana kutwa sijui niite mazoezi au mateso.

Wanaouliza bei: siuzi. Mwaka 2025 huko Kenya watu wanne walitozwa faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja kwa kukutwa na sisimizi hai kinyume cha sheria, wengi wao malkia wa Messor cephalotes, sisimizi wakubwa wanaokusanya mbegu, waliofungwa kwenye mirija yenye pamba. Kwa Ocymyrmex ni mbaya zaidi, maana malkia haruki; ukimtoa umeua koloni zima. Ukitaka kuanza, subiri mvua za vuli. Malkia wa sungusungu wa kawaida huja kwenye taa za baraza na kudondosha mabawa. Mweke kwenye mrija wenye maji nyuma ya pamba, gizani, bila chakula, mpaka vibarua wa kwanza watoke. Na usimchungulie kila siku.