Ule mng'ao wa kijani wa urani siyo mionzi

Kila nikiwaonyesha watu chumvi ya urani chini ya taa ya UV (urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho) swali ni lilelile, "hiyo ndo mionzi yenyewe?" Hapana jamani. Mimi ni mtu wa kemia ya aktinidi, yaani lile kundi la elementi nzito kama urani na thoriamu, na hili ndo jambo naona linachanganywa kuliko yote.

Kinachong'aa pale ni uranili, yaani urani imekaa katikati ya oksijeni mbili, zote tatu zimenyooka mstari mmoja. UV au mwanga wa bluu ukiipiga, elektroni inaruka kutoka kwenye oksijeni inaingia nafasi tupu za urani, inakaa mikrosekunde au milisekunde chache tu, ikirudi inatoa kijani, kwenye nanomita 500 na kitu. Mionzi ya urani inatoka kwenye kiini cha atomu, uwashe taa uzime taa, yenyewe inaendelea tu.

Henri Becquerel, mwanafizikia Mfaransa, naye alianza na wazo hilohilo Paris mwaka 1896. Alikuwa na salfeti ya uranili na potasiamu, chumvi ya urani inayong'aa, akaamini jua ndo linaiamsha itoe miale ya kupenya karatasi nyeusi, mawingu yakatanda, chumvi na bamba za picha zikakaa gizani kwenye droo, akaamua kuzisafisha bamba hivyohivyo, akakuta alama kali kabisa. Ila ushahidi ninaoupenda zaidi ni uliofuata, alijaribu chumvi za urani zisizong'aa, halafu urani ya metali yenyewe, zote zikaacha alama! Hata kwenye mawe utaona, autinaiti inawaka vikali chini ya UV, torbernaiti yenye shaba haiwaki, na zote zina urani.

Sasa kwenye vitambuzi vya mionzi hivi vitu viwili, mng'ao na mionzi, tunaviunganisha makusudi. Urani ina protoni 92, thoriamu 90, atomu nzito hivyo eksirei hazipiti kirahisi, zinaishia humo na nishati yake inaamsha elektroni, kama uranili ipo unaona kijani. Thoriamu haina mng'ao huo, kwa hiyo inafungwa na molekuli za kaboni kwenye fuwele zenye vitundu, eksirei zikiingia zinaacha elektroni zisizo na wenza kwenye hizo molekuli, fuwele inabadilika rangi na inabaki hivyo, unaisoma dozi, yaani kiasi cha mionzi kilichoingia, baadaye. Chuo Kikuu cha Soochow huko China wamefanya kazi nzuri sana hapa, na kwangu mimi hii ya thoriamu inasisimua kuliko uranili, maana haihitaji mtu akae anaitazama wakati mionzi inapita.