Je, wajua kwa nini kitu ulichonunua kihalali bado kinaweza kukupeleka mahakamani?

Hela umelipa, risiti unayo, halafu anatokea mtu anakwambia usikitumie hivyo, ana hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala kuuza alichobuni. Marekani hili waligombania kwenye majeneza, wala sitanii.

Kulikuwa na hataza ya mfuniko wa jeneza, haki zenyewe wamegawana kwa maeneo, kuna waliopewa maili 10 kuzunguka Boston. Jamaa wa shughuli za mazishi akanunua humo, akaenda kuzikia nje ya hilo eneo, akashtakiwa. Mwaka 1873 Mahakama ya Juu ikasema ukishauza umeuza, hataza haiwezi kumfuata mtu mpaka kaburini.

Basi makampuni yakakimbilia mikataba. Lexmark waliuza katriji za printa kwa punguzo, sharti utumie mara moja tu na ukimaliza uwarudishie wao. Shida ni kwamba mkataba unambana aliyekubali, sasa yule anayekusanya katriji tupu anazijaza na kuuza bei chee yeye hajasaini kitu, wakamvaa kwa hataza, na 2017 wakashindwa, wakaambiwa kama mteja kavunja makubaliano mdaini yeye. Na hapo mahakama iliangalia maisha ya watu pia: gari lina spea kibao zenye hataza, fundi gereji angeomba ruhusa kwa wangapi?

Ila soya ilikuwa kesi nyingine. Vernon Bowman, mkulima wa Indiana, alisaini kwamba mbegu zenye hataza za kampuni ya Monsanto, zinazohimili dawa ya magugu, atapanda msimu mmoja bila kuweka akiba, na kwenye zao la kwanza aliheshimu kabisa. Kwa zao la pili, la kubahatisha, akaenda ghala la nafaka akanunua soya za kawaida za chakula, ambamo za Monsanto zimechanganyika, kule hakuna mkataba, akapanda, akapiga dawa, zilizopona akajua ndo zenyewe, akaweka mbegu na kurudia mwaka hadi mwaka. 2013 majaji wote 9 wakampiga chini, akadaiwa zaidi ya dola 84,000.

Tofauti? Jeneza halizai. Soya ule, uuze, ulishe ng'ombe, ruksa, lakini kupanda ni kutengeneza mpya. Akajitetea kwamba mbegu zinajizalisha zenyewe, Jaji Elena Kagan akamjibu kwamba aliyepanda na kuvuna ni yeye. Kisheria naelewa, ila mkulima kuweka mbegu ni jambo la tangu enzi za mababu, na hata Kagan aliandika kuwa hukumu ni ya kesi hii tu, siyo ya kila kitu kinachojizalisha.