Kwa nini tetekuwanga ya mtoto mmoja huvuruga nyumba mwezi mzima?

Mtoto anarudi kutoka chekechea na homa kidogo, chakula hakitaki. Kesho yake akiogeshwa, vinaonekana vipele viwili vitatu vya maji mgongoni. Hospitali wanasema ndani ya wiki moja hivi atakuwa amepona, na kweli anapona. Mbona basi nyumba yenyewe haitulii hadi mwezi ukatike?

Sababu ni kwamba kirusi cha tetekuwanga hakina haraka. Kikishaingia mwilini hukaa kimya siku 10 hadi 21, mara nyingi wiki mbili hivi, ndipo vipele hutoka. Na mgonjwa huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza, wakati bado anakula sinia moja na nduguze na kulala nao chini ya chandarua kimoja. Kumtenga si vibaya, ila aghalabu mnakuwa mmeshachelewa. Kati ya watu 10 wa nyumba moja ambao hawajawahi kuugua wala kuchanjwa, hadi 9 wanaweza kuambukizwa.

Tena hawaugui pamoja. Wa kwanza vipele vikishakauka anarudi shule, inafuata wiki ya utulivu, kila mtu anashusha pumzi. Halafu anaanza mdogo wake, na mara nyingi huyu wa pili ndiye hutoka vipele vingi zaidi.

Hapo ndipo mifuko na mioyo hubanwa. Ruhusa ya kwanza bosi anaitoa bila neno. Ya pili, ndani ya mwezi uleule, anaitoa akiwa amekunja uso. Mama anayeuza maandazi mlangoni hupoteza wateja hata kama yeye ni mzima, maana nani atanunua akimwona mtoto mwenye madoa amekaa pembeni? Usiku ndio mbaya zaidi. Mwasho humwamsha mtoto kila mara, mnamkata kucha, mnamvisha soksi mikononi asijikune, mnampaka kalamaini, na bibi anasisitiza aogeshwe maji ya mwarobaini. Wazazi wasiolala hugombana kwa jambo dogo, mara nyingi zamu ya kuamka. Aliye mzima naye anaanza kudeka, kwa sababu juisi na mapaja ya mama vyote vimekwenda kwa mgonjwa.

Katika nchi za joto wengi hufika utu uzima bila kuugua, na tetekuwanga humtesa mtu mzima kuliko mtoto. Inaweza hata kuleta nimonia. Kwa hiyo kabla ya kugawana zamu, ulizaneni nani aliwahi kuugua. Huyo ndiye muuguzi wa nyumba, maana ni nadra sana kuugua tena. Mjamzito ambaye hajawahi kuugua asisubiri vipele. Akishakaa na mgonjwa aende kliniki mapema. Mtoto asipewe aspirini, kwani huweza kuleta madhara makubwa ya ini na ubongo; homa itulizwe kwa parasetamoli.

Na msiharakishe kuwalaumu watoto wa jirani. Kirusi hichohicho hubaki kimejificha kwenye mishipa ya fahamu ya aliyepona, na miaka mingi baadaye huweza kuibuka kama mkanda wa jeshi. Majimaji ya malengelenge yake humwambukiza mtoto tetekuwanga, kwa hiyo pengine aliyeileta ni babu aliyekuja kuwasalimia.