"Usile sana, mtoto atakuwa mkubwa": dhana potofu na ukweli

Hapa Kigoma, mjamzito hupewa ushauri huu na mama mkwe, na shangazi, hata na jirani anayeanika dagaa pale Kibirizi. Wanausema kwa upendo, wakihofia uchungu mgumu. Hata hivyo, unamuumiza mtoto.

Ukweli ni kwamba mtoto aliyeshindishwa njaa tumboni hubana matumizi. Mwili wake unazoea kutunza kila kidogo unachokipata, na akija kukulia kwenye chipsi na soda, sukari humshinda. Uholanzi ilikumbwa na njaa kali majira ya baridi ya 1944 na 1945. Waliokuwa tumboni wakati ule walipimwa wakiwa na miaka kama 50, na miili yao ilidhibiti sukari vibaya kuliko ya wenzao.

Wengine husema mama ale kwa ajili ya watu wawili. Hapana. Miezi mitatu ya mwanzo haihitaji nyongeza kubwa; mwishoni inatosha kuongeza mlo mdogo mmoja kwa siku.

"Mayai humfanya mtoto azaliwe bila nywele." Si kweli hata kidogo. Kiini cha yai kina kolini, inayojenga ubongo wa mtoto. Mnyimeni mama kitu kingine, si yai.

"Chumvi ni chumvi." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Chumvi ya Uvinza tumeila tangu enzi za mababu, lakini chumvi yoyote, iwe ya Uvinza au ya pwani, haina madini joto (iodini) ya kutosha mpaka yaongezwe. Yakipungua kwa mama, ubongo wa mtoto hudumaa, na hasara hiyo hairudishwi baadaye. Sisi tunaokula ugali wa muhogo tuwe macho zaidi: muhogo mchungu usiolowekwa vizuri huzuia mwili kuyatumia hata hayo machache.

"Vidonge vya FEFO vinanenepesha mtoto." Hapana. Vina madini ya chuma yanayoongeza damu ya mama, na foliki asidi iliyomo hulinda uti wa mgongo na ubongo, ambavyo msingi wake hufunga kama siku ya 28 ya mimba, wengi wakiwa hawajajua kama wamebeba. Mdogo wangu alikuwa anavificha kwenye pindo la kanga kwa sababu vilimtia kichefuchefu. Sasa anavimeza usiku baada ya ugali na mgebuka, na chai ameihamishia asubuhi, maana chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini.