Je, wajua kwa nini maduka ya Kariakoo yaliruka tovuti yakaenda moja kwa moja Instagram?

Ukitaka gauni Dar leo huhangaiki na tovuti, unaingia Instagram unakuta picha, chini imeandikwa "bei njoo DM", alafu mnamalizana WhatsApp. Kuna watu wanasema wafanyabiashara wetu walichelewa kujifunza mtandao, mi sikubaliani kabisa.

Angalia mambo yalivyofuatana. M-Pesa ilianza hapa 2008, mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ukawashwa Dar Julai 2009, yani hela ilishaanza kupita kwenye simu ya kitochi kabla intaneti ya kasi haijafika, enzi hizo tunategemea satelaiti, bei juu, na kusoma imeili unaenda kulipia dakika intaneti kafe. Kwa hiyo simu janja zilipoanza kushuka bei, swala la malipo lilikuwa limeshamalizwa na wakala wa mtaani. Tovuti ilitaka kadi ya benki na wateja wengi hawakuwa nayo.

Kingine ni kupatana. Mteja wa Dar lazima aulize "mwisho shingapi?", na tovuti haina mdomo wa kumjibu. WhatsApp unapunguziwa, unatumiwa voisi, ukitaka unarekodiwa video nguo inageuzwa ndani nje uone mshono.

Nimewahi kushinda kwenye fremu ya dada mmoja pale Kariakoo. Mzigo ukifunguliwa anatundika gauni kwenye hanga mlangoni penye mwanga, anapiga picha, anaweka stetasi, na kabla hajakaa vizuri kwenye stuli mtu wa Mbagala kashauliza saizi! Bodaboda anabeba, mteja analipa akishaona mzigo wake. Hapo ndo utapeli unapozibwa, na ndo maana kwenye peji wanaandika mtaa, ghorofa mpaka namba ya fremu, hata kama hutakanyaga huko, unajua pa kwenda kudai.

Wa mikoani ndo inabidi aamini zaidi maana analipa kwanza kwa lipa namba. Dada anafunga mzigo kwa selotepu, anaandika jina na simu kwa maka peni, unapelekwa stendi ya Magufuli kule Mbezi, alafu anaipiga picha risiti ya basi na kumtumia mteja palepale, na kesho yake mtu wa Mbeya anaenda stendi na picha hiyo kwenye simu anachukua gauni lake.