Kujaziliza maandishi: nafasi tupu zenye kazi

Kujaziliza ni kuongeza herufi, aghalabu nafasi tupu au sifuri, kwenye mfuatano wa herufi mpaka ufikie upana unaotakiwa. Neno "moja" lina herufi nne. Ukitaka upana wa nane, programu huongeza nafasi nne. Zikiwekwa mwishoni, neno huegemea kushoto. Zikiwekwa mwanzoni, huegemea kulia. Zikigawanywa sawa, hukaa katikati.

Maneno huegemezwa kushoto, ambako jicho huanzia kusoma. Nambari huegemezwa kulia, ili mamoja yakae chini ya mamoja na makumi chini ya makumi:

```
Kalamu         9
Vitabu       120
Karatasi    1500
```

Nambari kubwa hujitokeza yenyewe hata kabla hujazisoma tarakimu zake.

Sifuri nazo zina kazi nzito zaidi. Kompyuta ikipanga majina kama maandishi, hulinganisha herufi moja moja kuanzia kushoto. Hivyo "picha10" hutangulia "picha9", kwa kuwa 1 huja kabla ya 9, na kompyuta haifiki hata kuiona ile sifuri. Andika "picha09" na mpangilio unanyooka. Ukitarajia picha mia kadhaa, anza na "picha009" tangu siku ya kwanza; kubadilisha majina baadaye ni adha. Tarehe za ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, hunufaika vivyo hivyo: zikiandikwa 2024-03-07, zikipangwa kama maandishi hufuata kalenda.

Nambari hasi zinataka uangalifu. Katika lugha ya programu ya Python, amri rjust hujaziliza mwanzoni: "-5".rjust(4, "0") hutoa 00-5, kitu ambacho si nambari tena. Amri nyingine ya kujaza sifuri, "-5".zfill(4), huitambua alama ya kutoa na kurudisha -005, na ndiyo ninayoitumia siku zote kwa nambari.

Kujaziliza hakukati. Ukiipa padStart, amri ya kujaziliza mwanzoni katika lugha ya programu ya JavaScript, iliyoingia kwenye kiwango cha lugha hiyo mwaka 2017, neno lililozidi upana, hulirudisha lilivyo, na safu zinazofuata katika mstari huo husogea. Kama jina refu linaweza kutokea, amua mapema: likatwe, au safu ipanuliwe.

Yote haya hutegemea fonti ambayo kila herufi ina upana uleule. Hata humo, herufi za Kichina kwa kawaida huchukua nafasi ya herufi mbili za kawaida, ilhali rjust huzihesabu moja moja. Kwa maandishi ya namna hiyo, pima upana unaoonekana kwenye skrini, ndipo ujazilize.